Kabla ya Kuuliza Bei

Kadi ya grafiki ikianza kuharibika, mara nyingi haizimi ghafla. Kwanza skrini huwa nyeusi kwa sekunde moja kisha ikarudi, nawe ukadhani ni stima. Baada ya siku kadhaa mistari myembamba ya kijani huanza kupita juu ya picha. Halafu huingia vijimraba. Kadi yangu ilifika hapo nikiwa nahariri video ya harusi ya Minjila: kila bibi harusi alipoigeukia kamera, nusu ya uso wake ilifunikwa na vijimraba vya kijani na zambarau, feni ikavuma kwa nguvu zake zote, na kompyuta ikaganda. Nikaifungua video ileile kwenye simu. Bibi harusi alikuwa mzima, hina imemkolea, shangazi zake wakipiga vigelegele nyuma yake. Video haikuwa na kasoro yoyote. Kilichoharibika ni kile kilichokuwa kikiionyesha.

Mimi ni mwalimu hapa Garsen, na kazi ya video huifanya jioni na wakati wa likizo. Kompyuta yangu ni ya mtumba, ilifanya kazi ofisini Uingereza kabla ya kupandishwa meli kuja Mombasa. Kadi niliiongeza baadaye: GTX 1050 Ti ya Nvidia, aina iliyotoka mwaka 2016, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4. Niliipendea jambo moja. Inatosheka na wati 75 inazozipata kwenye mazabodi, haitaki waya wa ziada, na kompyuta yenye pawa saplai ya wati 240 kama yangu haiwezi kubeba kadi yenye uchu mkubwa wa umeme.

Habari zilipoenea, kila mtu alikuwa na hukumu yake. Vijana wa saiba walisema, “Nunua nyingine, mwalimu, hiyo imekula chumvi nyingi.” Wazee tunaokaa nao barazani baada ya magharibi walishangaa kwamba kuna swali hapo: kitu kikiharibika hupelekwa kwa fundi, basi. Mmoja alinikumbusha kwamba redio yake imetengenezwa mara nyingi hata hakumbuki, na bado inampa habari za asubuhi. Nilizisikiliza pande zote mbili kwa heshima. Lakini kadiri nilivyofikiri, ndivyo nilivyoona kwamba wote wanajibu mapema mno. Kutengeneza au kununua ni swali la pili. La kwanza ni hili: kadi hii imeuawa na nini?

Hapa Garsen mafundi wa simu wapo, na ni hodari. Wa kufungua kadi ya grafiki sikumpata. Kutoka hapa hadi Malindi ni kama kilomita 110, na hadi Mombasa ni zaidi ya mara mbili ya hizo. Watu wengi huifunga kadi ndani ya katoni, wakaituma kwa basi mpaka Mombasa, au mpaka Luthuli kule Nairobi, kisha wakasubiri simu. Mimi nilitaka kuona kwa macho yangu, nikaenda Malindi mwenyewe.

Fundi niliyempata ni kijana mtaratibu, meza yake safi, bisibisi zimepangwa kwa ukubwa. Hakuniuliza nina pesa ngapi. Aliniuliza, “Mwalimu, kwenu stima inakatika mara ngapi, na ikirudi inarudi vipi?” Nilimweleza: inakatika mara kwa mara wakati wa mvua na upepo, na ikirudi, taa huwaka kwa mwanga mkali kupita kiasi kwa muda mfupi, kisha zikatulia. Akatikisa kichwa, akaanza kazi.

Nitaieleza kazi hiyo taratibu, kwa sababu nilijifunza humo mambo ambayo sikuyapata katika miaka yangu yote ya kusimama mbele ya ubao. Kwanza aliichomoa kadi, akaunganisha skrini na tundu la mazabodi yenyewe. Picha ikaja safi. Kwa hatua hiyo moja alikuwa ameiondolea lawama skrini, waya wake na sehemu kubwa ya kompyuta. Akachukua ufutio wa penseli, ule mweupe wa watoto wa shule, akasugua meno ya dhahabu yaliyo chini ya kadi mpaka yakang’aa, maana mara nyingi ugonjwa huwa ni uchafu wa hapo tu. Akairudisha. Vijimraba vikabaki. Akaihamishia kwenye kompyuta yake yenye pawa saplai kubwa. Vikabaki. Akaniita niangalie skrini wakati kompyuta inaamka, kabla Windows haijaanza: vijimraba vilikuwepo tayari, vimetapakaa juu ya maandishi ya mwanzo. “Hapa drayva haijaingia bado,” alisema. “Kwa hiyo tusiisingizie programu.”

Ndipo akafungua skrubu nne na kuinua bamba la kupozea joto. Pesti inayowekwa kati ya chipu na bamba, ambayo inatakiwa kuwa laini, ilikuwa imekauka na kupasuka kama matope ya ukingo wa mto baada ya mafuriko. Kwenye mapezi ya bamba kulikuwa na vumbi letu jekundu lililoshikana, na ndani ya vumbi hilo kiunzi cha mjusi mdogo. Akasafisha kwa spiriti na brashi, akapima volti kwa mita hatua kwa hatua, akaweka pesti mpya, akaipa kadi programu ya kuijaribu kumbukumbu. Matokeo yalionyesha kwamba chipu moja kati ya nne za kumbukumbu ndiyo iliyokuwa ikisoma vibaya. Nyingine tatu zilikuwa nzima. Ile kubwa ya katikati, ambayo ndiyo moyo wa kadi, ilikuwa nzima pia.

Aliniambia kwamba chipu ile anaweza kuiondoa kwa blowa ya hewa moto na kuweka nyingine, mradi ipatikane kadi iliyokufa ya aina hiyo ya kuichomolea. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: “Chipu naweza kubadilisha. Stima ya Garsen siwezi.”

Vifaa hivi vina adui wawili wakubwa. Wa kwanza ni joto linalopanda na kushuka. Chipu hushikwa kwenye bodi kwa vitone vidogo vya lehemu, na kila kitu hapo hutanuka kwa kiwango chake kinapopashwa moto. Washa, zima, washa, zima, miaka ikipita nyufa zisizoonekana zinaanza. Hili halikuanzia kwetu. Julai 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za kompyuta za mkononi zilizokuwa zikifa mapema kwa sababu ya namna hiyo, na mwaka mmoja kabla, Julai 2007, Microsoft ilitenga zaidi ya dola bilioni moja kushughulikia mashine zake za michezo za Xbox 360. Wapo wateja waliotengenezewa mashine hizo zikarudi nyumbani, zikafa tena kwa ugonjwa uleule, kwa sababu dalili ilikuwa imeondolewa na kisababishi kimeachwa ndani.

Adui wa pili ni umeme usiotulia. Garsen imo kwenye laini kubwa ya kilovolti 220 inayotoka Rabai, ikapita Malindi na hapa kwetu, ikaenda Lamu. Hiyo ni neema, na wanaokumbuka miaka ya majenereta wanaijua. Lakini kati ya laini hiyo na soketi ya chumba changu kuna safari ya nguzo na nyaya, na stima inaporudi baada ya kukatika, kila friji na kila pampu mtaani huamka kwa pamoja. Volti hushuka, hupanda, hutikisika. Feni ya dari haijali. Chipu ya kumbukumbu inajali sana.

Kuna tiba moja inayosifiwa mno mitandaoni, na naiandika hapa kwa sababu vijana wangu wawili darasani walinishauri niijaribu: kuoka kadi kwenye oveni, joto la nyuzi 200 hivi, kwa dakika nane au kumi. Kadi nyingine huamka kweli baada ya kuokwa. Watu hushangilia. Kisha baada ya wiki chache au miezi michache zinakufa tena, na safari hii moja kwa moja. Lehemu isiyo na risasi inayotumika siku hizi haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 217 au zaidi, kwa hiyo oveni hiyo haijaunga chochote. Imetanua tu kilichopasuka, kikagusana kwa muda. Juu ya hayo, moshi wa plastiki na kemikali unaingia kwenye oveni ile ile ya kuokea mikate. Nasema wazi: usioke kadi yako. Ni matengenezo ya kumfurahisha mtazamaji.

Hesabu yenyewe ya tengeneza au nunua, ukishajua kisababishi, si ngumu. Feni iliyokwama, pesti iliyokauka, fyuzi, kapasita iliyovimba: tengeneza bila kusita, gharama ni ndogo na fundi yeyote mwangalifu ataiweza. Chipu kuu ikipasuka, achana nayo. Kumbukumbu ndipo penye mashaka, na hapo wengi hutumia kipimo cha nusu, yaani matengenezo yakipita nusu ya bei ya kadi nyingine kama hiyo, yaache. Mimi huongeza umri. Nvidia ilifunga utoaji wa drayva za kawaida za kizazi cha kadi yangu Oktoba 2025, na kuanzia hapo ikaahidi marekebisho ya usalama tu mpaka Oktoba 2028. Windows 10 nayo iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kuilipia kadi ya namna hiyo chipu mpya ni kuilipia uhai mfupi.

Na anayenunua ya mtumba ajue kwamba ananunua maisha ya mtu mwingine. Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha kutegemea kadi za grafiki, na kadi zilizokuwa zikifanya kazi ya kuchimba sarafu za kidijitali usiku na mchana zikamwagika sokoni kote duniani, zimepanguswa vumbi na kupigwa picha nzuri. Uliza ilikuwa wapi. Muuzaji akikujibu kwa bei, hajakujibu.

Safari ya kurudi kutoka Malindi ni ndefu ya kutosha kumfanya mtu awaze. Nilipokuwa naangalia nyika ikipita dirishani, mawazo yangu hayakukaa kwenye kadi. Yalikwenda Hola. Wakulima wa mradi wa unyunyizaji wa Hola walipoteza maji mwaka 1989, si kwa sababu pampu zao zilikuwa mbovu kuliko pampu nyingine, bali kwa sababu mto Tana ulihama. Mto ulibadili njia, mitambo ikabaki mbali na maji, na mashamba yakalala mpaka yalipofufuliwa miaka ya 2000. Fundi bora kuliko wote Kenya angeweza kuifungua pampu ile, akaisafisha, akabadilisha kila mpira na kila nati, na lisingepatikana hata tone moja. Kule Bura nako, miaka na miaka pampu za dizeli zilipandisha maji kutoka mtoni, zikaharibika, zikatengenezwa, dizeli ikapanda bei, mavuno yakakauka shambani. Waliokuja na wazo la kuchimba mfereji wa kuleta maji kwa mteremko walikuwa wameacha kuuliza pampu gani. Waliuliza kwa nini tunategemea pampu.

Na sisi wa delta ya Tana tunajua upande mwingine wa jambo hilo. Mvua za El Niño za mwaka 1997 zilivunja matuta na mifereji ya mradi wa mpunga upande wa Gamba. Mwaka 2018 mafuriko yalirudi, na Novemba 2023 yakarudi tena, na yakaendelea kutusumbua mwaka 2024. Kila maji yanapopungua, watu hurudi kukandika kuta upya pale pale. Siwalaumu hata kidogo. Hapo ndipo penye makaburi ya wazee wao, miembe yao na udongo unaozaa. Lakini mabwawa ya juu, kuanzia Masinga mpaka Kiambere, yatajaa na kumwagika tena, na ninatamani kila anayegawa mabati baada ya mafuriko aambatane na mtu wa kupima ardhi iliyo juu kidogo, ili familia iweze kuchagua ikiwa na habari kamili.

Kuna jambo zito zaidi, na siwezi kuandika tafakari kutoka Garsen nikalipita. Agosti 2012, katika kijiji cha Riketa, watu wapatao 50 waliuawa asubuhi moja, wengi wao wanawake na watoto. Kabla mwaka mpya haujakolea, waliokufa katika delta kwa mapigano ya Waorma wafugaji na Wapokomo wakulima walikuwa wamepita 100, na vijiji vilikuwa vimechomwa. Nina marafiki pande zote mbili ambao hawajamaliza kulia. Kadi nikiichoka naagiza nyingine Luthuli. Jirani haagizwi. Mpokomo wa ukingoni hawezi kubadilishiwa mfugaji, wala Muorma hawezi kupewa mto mwingine. Kwa hiyo katika jambo hili tumebakiwa na njia moja tu, nayo ni kutengeneza.

Sasa turudi kwenye swali la fundi, lile la kutafuta kisababishi. Nimehudhuria mikutano ya amani yenye hotuba nzuri, maombi ya dini zote mbili, pilau na picha za pamoja. Napenda mikutano hiyo na nitaendelea kuhudhuria. Lakini pale ambapo malka, zile njia za mifugo za kufikia maji wakati wa kiangazi, zimeendelea kuzibwa na mashamba, na mkulima ameendelea kuamka akute mahindi yake yamelala chini ya kwato bila kulipwa fidia, mkutano umefanya kazi ya oveni. Vitu vimegusana kwa muda. Mikutano niliyoiona ikidumu ni ile iliyochosha: wazee wa pande zote wakatembea kwa miguu juani, wakaonyeshana malka ilipokuwa ikipita, wakakubaliana iwe na upana gani na nani atalipa nini ng’ombe wakitoka njiani. Hakuna aliyepiga picha nzuri siku hiyo. Njia hiyo bado inatumika.

Nyumbani nako ni vilevile, na nitasema kwa ufupi kwa sababu kila msomaji anaijua nyumba yake. Ndoa, urafiki wa muda mrefu, kazi inayokukondesha: mtu huja kwangu akiuliza nivumilie au niondoke, naye hajaniambia bado kinachoumiza kilianza lini, kinatokea wakati gani, na kikihamishiwa mahali pengine kinaendelea au kinakoma. Fundi aliihamisha kadi kwenye kompyuta yake kabla ya kuihukumu. Wako waliobadilisha kazi wakakuta uchovu umewafuata kwenye meza mpya. Wako pia waliobadilisha kazi na uchovu ukaisha siku ile ile. Bila kupima huwezi kujua wewe ni yupi.

Kuhusu kadi, niliamua hivi. Pesa za kwanza hazikwenda kwenye kadi. Zilinunua stabilaiza, na nyingine zikamlipa fundi wa umeme wa hapa mtaani akaniwekea waya wa ardhi ambao nyumba haikuwa nao. Niliisogeza kompyuta kutoka kwenye dirisha linaloingiza vumbi, nikafunika matundu yake kwa wavu mwembamba unaopitisha hewa na kumzuia mjusi. Baada ya hapo ndipo nilipotafuta kadi. Sikubadilisha chipu ya ile ya zamani. Nilinunua GTX 1650 ya mtumba, aina ya mwaka 2019, ambayo bado inapewa drayva na ambayo nayo inatosheka na wati 75, kutoka ofisi moja Mombasa iliyokuwa ikichora ramani za nyumba na haijawahi kuchimba sarafu. Harusi ya Minjila nikaimaliza. Mama wa bibi harusi alikuja mwenyewe kuichukua, akaitazama yote amesimama.

Kadi ya zamani niliirudisha Malindi, nikamwachia fundi bure. Ina chipu tatu nzima, feni nzuri na bamba la kupozea. Baadaye alinipigia simu kuniambia kwamba chipu mojawapo imefufua kadi ya kijana wa Mambrui anayejifunza kuchora katuni.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyorekodiwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Sehemu ya taka hizo imo humu Garsen, chini ya vitanda na nyuma ya makabati yetu, na nyingine nimeiona ikichomwa karibu na mto tunaokunywa. Ukiwa na kadi, simu au bodi ya televisheni iliyokufa, usiitupe na usiichome. Mpelekee fundi, hata kama haitapona, kwa sababu viungo vyake vitaponya nyingine, na ukimpelekea, mwombe akuonyeshe kwenye mita kilichoiua. Nayo kaunti yetu, inapopanga fedha za vyuo vya ufundi, iweke meza moja ya kufundishia kupima bodi na kubadilisha chipu, ili mtu wa Hola au Kipini asilazimike kuituma kompyuta yake kwa basi. Vijana wa kuikalia meza hiyo wapo. Baadhi yao ninawafundisha.